Sindano Yenye Yai

Kashindye alifika zahanati ya Mkolani saa moja kasorobo asubuhi, kabla hata mlinzi hajamaliza kufagia, akakaa wa kwanza kwenye benchi la barazani. Ilikuwa siku ya tatu na ya mwisho ya chanjo ya mafua makali, na alikuwa ameapa kwamba haitampita. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa na kilo mbili na ushee.

Binti yake wa pekee, Gladness, aliyeolewa Kirumba, alikuwa amejifungua mtoto wa kike baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa. Mtoto mwenyewe alikuja kabla ya wakati, njiti, akakaa hospitalini hadi mwili ukapata nguvu. Daktari alipowaruhusu kwenda nyumbani aliwaambia wazi: mafua makali ni hatari kwa mtoto wa namna hii, na yeye hawezi kuchanjwa mpaka atimize miezi sita. Basi kila atakayemshika achanjwe kwanza, kisha angoje wiki mbili chanjo ishike. Gladness hakuwa mtu wa kupindisha neno, akaisimamia amri ile hata kwa mama yake mzazi. Kashindye alikuwa amemwona mjukuu wake mara tatu, zote kwa kupitia dirishani, na mara zote tatu alirudi Mkolani akilia.

Karibu naye alikaa Nkwabi, mdogo wa marehemu mume wake, shemeji ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki. Mzee huyu wa miaka sabini na miwili alikuwa na pumu, na ndiyo iliyomleta.

Saa mbili nesi Yasmin alitoka na daftari lake. Alikuwa binti mwembamba wa mjini, mtaratibu, mwenye kuamini kwamba mtu hapaswi kudungwa kitu asichokielewa. Aliamkia wazee wote kwa pamoja, akaanza somo.

"Chanjo za mafua ziko za aina kadhaa," alisema. "Hii ya hapa ni sindano. Ndani yake virusi wameshakufa, kwa hiyo haiwezi kukupa mafua. Ukisikia mkono unauma au kahoma kadogo, ni mwili unajifunza kazi. Iko nyingine ya kupuliza puani, ina virusi hai ila wamedhoofishwa."

"Mimi nipe hiyo ya puani," Nkwabi alidakia.

"Hapa hatuna, mzee wangu. Na hata ingekuwepo ni ya watoto na vijana, haivuki miaka hamsini."

"Sasa nani kakwambia nimevuka?"

Benchi zima likacheka. Yasmin naye alicheka, akaendelea. Iko sindano ya wazee, alisema, ina nguvu zaidi, lakini haijafika kwao, na mtu asikae kungoja iliyo bora akaikosa iliyopo. Tena chanjo hii haizuii kila kamasi. Inazuia yale mafua makali yanayolaza watu. Na kila mwaka virusi hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa.

"Jambo la mwisho. Hii yetu virusi wake hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Kwa hiyo nitamuuliza kila mtu kama anakula mayai bila shida."

Kashindye alihisi moyo umemshuka hadi kwenye kandambili.

Yasmin alimwita ndani. "Bibi, mayai unakula?"

"Sili."

"Ukila unapata nini? Vipele? Kubanwa kifua?"

"Sili, mwanangu. Wanawake wa kwetu hatuli mayai."

Yasmin, ambaye kwao yai lilikuwa kitafunwa cha chai, aliandika "aleji" kwa herufi kubwa, akamweka kando amngoje daktari. Kashindye alirudi barazani kichwa chini, na Nkwabi, aliyekuwa amesikia yote kupitia pazia, hakukawia.

"Shemeji, ule mwiko si ulikuwa wa kuogopa kufunga kizazi? Na wewe una miaka sitini na minane! Au kuna jambo unalipanga hujatuambia?"

Watu walicheka hadi mama mmoja akashika mbavu. Siku nyingine Kashindye angemjibu shemeji yake jibu la kumlaza na viatu. Siku hiyo aliinuka, akazunguka nyuma ya zahanati, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Yasmin aliona. Akamfuata, akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, kama ni mwiko, mimi sikulazimishi. Ziko chanjo zinazotengenezwa bila mayai kabisa. Sema zikija huku itakuwa mwakani, au sijui lini."

"Mwakani mtoto atakuwa anatembea," Kashindye alisema. Kisha, kwa sababu binti yule alikuwa mgeni na wageni ndio wanaobeba siri vizuri, akamweleza jambo ambalo hajawahi kumwambia hata mumewe.

Alipokuwa na miaka tisa aliiba yai kiotani, akalichemsha chunguni pamoja na viazi, akalila peke yake nyuma ya zizi. Lilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula. Mama yake alikuwa amewaonya kwamba mwanamke akila yai kizazi chake hufunga. Kashindye aliolewa, akakaa miaka tisa ndipo akampata Gladness, na hakupata mwingine. Naye Gladness akakaa kumi na mmoja. Miaka yote hiyo kila mtu aliyeuliza sababu, Kashindye alikuwa na jibu moyoni. Ni yeye. Ni lile yai. Na sasa aliingize tena mwilini, halafu akamshike kichanga yule?

Yasmin hakucheka. Alisema, "Kinachobaki cha yai humu ni chembe isiyoonekana. Lakini naona hilo silo linalokusumbua. Mpigie binti yako."

"Nimwambie kwamba ni mimi niliyemchelewesha?"

"Mwambie, bibi. Leo tunafunga saa tisa."

Aliikamata simu kwa mikono miwili. Gladness alipopokea, Kashindye alisema yote kwa pumzi moja, bila salamu, yai na chungu na zizi, akamalizia kwa kuomba msamaha. Upande wa pili alimsikia mtoto akilia kidogo, akanyamaza.

"Mama," Gladness alisema. "Mimi mayai nimekula tangu nikiwa bwenini kule Sengerema. Na mimba hii yote daktari aliniambia nile mawili kila asubuhi."

"Mawili?"

"Mawili. Jumapili matatu. Ulipokuwa unakuja kunisalimia nilikuwa nayafukia maganda uani, nisikuumize. Na ile miaka kumi na mmoja ilikuwa mirija imeziba, wakanitibu. Haikutoka kwako, mama. Umebeba hilo peke yako siku zote hizi?"

Kashindye alilia pale juu ya ndoo kwa sauti, bila kuona aibu, akamwachia Yasmin simu amalizie kuongea. Alipomaliza kulia alijifuta kwa ncha ya kanga, akaenda moja kwa moja chumba cha sindano, akakunja mkono wa gauni na kumwambia Nkwabi, aliyekuwa anajiandaa kukaa kitini, asogee, kwani yeye alikuwa wa kwanza tangu asubuhi. Yasmin alikata lile neno "aleji" kwa mstari mmoja. Sindano iliingia na kutoka kabla Kashindye hajamaliza kusema "Ee Mungu".

Zamu ya Nkwabi ilipofika, alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

Siku kumi na nne Kashindye alizihesabu kwa kuchora mkaa ukutani. Ya kumi na tano ilimkuta Kirumba alfajiri. Alinawa mikono hadi viwikoni kwa sabuni, mara mbili, akakaa kwenye mkeka na kunyoosha miguu. Gladness akaja, akainama, akamweka mtoto mikononi mwake. Alikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni. Alifungua jicho moja, akamtazama bibi yake, akalala.

Jua lilipanda. Chai ililetwa ikapoa. Gladness aliosha nguo, akazianika, akarudi, akakuta hakuna aliyesogea.

"Mama, hebu nimchukue. Hujachoka mkono?"

"Niache," Kashindye alisema, bila kuinua macho. "Mkono huu ulichoka ulipokuwa mtupu."