Kutoka Kitandani Hadi Barazani

Sikuona kwamba soli za viatu vya baba zilikuwa zimeacha kulika. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msoma mita wa idara ya maji, akipita nyumba kwa nyumba, akiinama kufunua vifuniko vya chuma na kuandika tarakimu. Kila baada ya miezi minne mama alivipeleka viatu vyake kwa fundi vikatiwe soli mpya. Mama alipofariki nilimleta baba kwangu, na jozi moja ikadumu miaka miwili. Niliipita pale mlangoni kila asubuhi nikienda kazini, na kazi yangu, sina budi kuisema, ilikuwa kuhesabu hatua za wazee.

Chuoni tulikuwa tukichunguza iwapo mazoezi ya mara kwa mara huwasaidia watu waliopita miaka sitini na mitano kuvikabili virusi vya mafua. Wazee walitembea ukumbini kwa dakika sita, koni hadi koni, kisha muuguzi akawatoa damu ili tupime jinsi miili yao ilivyoipokea chanjo. Matokeo yalihitaji tahadhari bado, lakini yalikuwa yakielekea upande mmoja: waliotembea karibu kila siku walionekana kuwa na kinga iliyo macho zaidi.

"Na mzee wako je, daktari?" muuguzi aliniuliza siku moja. "Yuko kundi gani?"

"Baba kastaafu," nilimjibu.

"Kwani hawa wote hapa wameajiriwa wapi?"

Tulicheka sote wawili, nikarudi kwenye majedwali yangu.

Nyumbani nilimtunza baba jinsi nilivyolelewa kuamini kwamba mzazi hutunzwa. Gazeti aliletewa. Maji ya kuoga alipelekewa. Wiki ya kwanza alipotoka kwenda kutazama mita za majirani, kwa mazoea tu, nilimfuata kwa gari nikamrudisha.

"Watu watanionaje, baba? Watasema nimekuleta uje uhangaike."

"Watu gani? Yule wa nyumba ya kona mita yake inavuja na wala hajui."

"Kaa, baba. Umetembea vya kutosha."

Aliketi. "Haya. Nishakuwa picha ya ukutani. Usisahau kunifuta vumbi."

Niliupokea kama mzaha, kwa kuwa ulikuja na tabasamu. Shangazi, dada yake aliyemzidi miaka sita, hakutabasamu alipokuja kukaa nasi. Yeye alifagia ua kabla sijaamka, na sokoni alikwenda kwa miguu, akimtukana kila aliyejaribu kumpokea kapu.

"Hivi huyu unamlea au unamhifadhi?" aliniuliza.

"Shangazi, mwache apumzike."

"Kupumzika huja baada ya kazi. Huyu anapumzika kwa kazi gani?"

Kisha mafua yakaingia nyumbani. Nadhani ni mimi niliyeyaleta. Wazee wangu wote wawili walikuwa wamechanjwa siku ileile. Shangazi alikohoa siku nne, akalaani kila dawa niliyompa, na siku ya tano akaamka akidai ufagio wake. Baba siku hiyohiyo alishindwa kuinuka kitandani. Hospitalini walituambia mapafu yameelemewa, na kwamba misuli ya kumsaidia kukohoa imelegea mno.

Mtaalamu wa viungo, kijana mpole mwenye fomu mkononi, alinigeukia. "Kabla ya kuugua, mzee alikuwa akitembea umbali gani kwa siku?"

Swali hilo nilikuwa nimewauliza watu zaidi ya mia tatu. Sasa niliulizwa mimi.

"Kutoka kitandani hadi barazani," nilisema.

Baba alisogeza barakoa ya oksijeni kwa kidole. "Hatua ishirini na mbili," alisema. "Nimezihesabu."

Kijana alitabasamu huku akiandika. "Na kurudi, mzee?"

"Kurudi huwa nyingi zaidi."

Baba alinitazama, akauona uso wangu, akanipapasa mkono. "Usilie, mwanangu. Ulinitunza." Alikuwa akisema kweli, na ndiyo iliyoniumiza. Alifariki siku ya tisa, mchana, shangazi akiwa amemshika miguu.

Siwezi kusema kwamba kutembea kungemwokoa. Ndugu wawili si ushahidi; mwanafunzi angeniletea hoja ya namna hiyo ningemrudishia karatasi yake. Ninachokijua ni kidogo kuliko hicho: kulikuwa na kitu ambacho huenda kingemsaidia, nilikijua kuliko watu wengi, na nilimnyang'anya kwa heshima.

Mwezi uliofuata niliongeza swali moja katika dodoso letu: "Ni nani nyumbani aliyekuondolea kazi uliyokuwa ukiifanya kwa miguu yako mwenyewe?" Wengi hujibu kwamba ni watoto wao. Shangazi anaishi nami sasa. Sokoni huenda peke yake, kwa miguu, nami simfuati kwa gari.