Herufi Zilizokonda

Mume wangu ana ulimi wa pilipili, lakini kwa kuzisoma sarafu sijaona wa kumfikia. Watu humjia mbio na sarafu zenye maandishi yanayoonekana mara mbili, wakidhani wameokota dodo chini ya mwarobaini. Yeye huwauliza: herufi imenenepa au imekonda? Muhuri wa kuchapia sarafu uliochongwa maandishi mara mbili huinenepesha herufi na kuipasua ncha. Hiyo ndiyo hazina. Lakini mashine ikitetereka wakati wa kuchapa, huikwangua herufi ikakonda, na pembeni pakabaki bapa kama kidato cha ngazi. Hiyo ni ajali tu.

Siku hizi macho yake yamefifia. Mimi nashika lenzi, yeye anauliza.

Jana binti yetu alikuja kuchukua sarafu ya kwanza ya baba yake, ile aliyoipata ujanani na kuifungia kwenye kioo, ili ikae katikati ya maonyesho ya chama cha wakusanyaji. Sifa zake zote zilianzia hapo.

"Itoe kwenye kioo kwanza," mume wangu akasema. "Tuikague kama ya mtu baki."

"Baba nawe! Nani atakubishia?"

"Ndiyo maana."

Binti akaitoa, nami nikainamia lenzi. Herufi zilikuwa zimekonda.

"Enhe, mama watoto?"

"Zimenenepa," nikasema.

"Ncha zimepasuka?"

"Zimepasuka."

"Na pembeni? Mviringo au bapa?"

Kile kidato kiling'aa mbele ya jicho langu. Nilimwonea huruma, nikajifanya napangusa lenzi.

"Kudanganya hukujaliwa, mke wangu," akasema taratibu. Akanyoosha kiganja, nikamwekea sarafu yake. Akaifumbata. "Nilikuwa kijana. Niliitaka mno iwe ya kweli, sikuiuliza maswali."

Binti akaichukua kutoka kiganjani mwake, akaanza kuirudisha katika sanduku lake la sarafu.

"Unaipeleka wapi? Iweke palepale katikati ya maonyesho. Andika: imekwanguliwa na mashine. Chini yake jina langu, kwamba ndimi niliyekosea."

"Watakucheka, Baba."

"Wacheke, ila wapewe lenzi kwanza."

Binti akakaa, akaandika. Mimi nikamshika mume wangu mkono, nikijivunia kuwa mke wake.