Mtoto wa Mbuzi wa Jade

Emérance hakuajiriwa kutafuta vinyago. Kazi yake ilikuwa kumwogesha Papa Quach, kumpikia uji wa mchele na kumpa dawa kwa wakati, pale Cabramatta, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, mwaka 2021, korona imewafungia watu ndani. Lakini mzee alikuwa na donda la moyo lisilopona.

Mezani kwake alisimama mbuzi jike wa jade, lile jiwe la kijani Wachina wanalolienzi, mkongwe kuliko babu yake aliyewaachia. Alichongwa pamoja na mtoto wake, kila mmoja kinyago chake. Familia ilipokimbia Vietnam, Quach alibeba mbuzi mama, dada yake Lan akabeba mbuzi mtoto, wakapanda mashua mbili tofauti. Tangu siku hiyo, kimya. Mzee alisema akimpata mtoto yule, atajua dada yake aliishia wapi.

Basi kila asubuhi, uji ukishaliwa, Emérance alipekua matangazo ya vitu vya kale kwenye simu. Nyati wa jade, farasi wa jade, samaki wa jade, mpaka macho yakamuuma. Wiki ya tano akakutana na hili: "Mbwa wa jade, amepiga magoti, anaomba chakula."

Moyo ulimruka. Watu wa mjini bwana! Mbuzi wanamjua akiwa ndani ya mchuzi. Emérance alikua akichunga mbuzi kule kwao Masisi, na alijua vizuri ni nani anayepiga magoti ya mbele, shingo juu, mdomo wazi.

"Imbwa gani!" akapiga kelele kwa Kiswahili, utadhani Papa Quach anakijua. "Hii ni mutoto ya mbuzi! Iko inanyonya mama yake!"

Akampigia muuzaji simu ya video. Akapokea msichana wa Lidcombe, mtaa wa mji uleule. Alisema vitu ni vya bibi yake, anayehamia kwenye makao ya wazee.

"Bibi anaitwa nani?"

"Lan."

Bibi mwenyewe akasogea. Papa Quach akaikodolea macho simu. Emérance hakungoja, alimnyakua mbuzi jike akamweka mbele ya kamera.

Bibi akapiga ukelele. Akamchukua yule mtoto, akamsogeza polepole kwenye kioo cha simu yake, mpaka mdomo ukafika chini ya tumbo la mama.

Hapo mzee akamwita dada yake kwa jina la utotoni. Na Emérance, asiyejua hata neno moja la lugha yao, akawa wa kwanza kulia.