Kaburi la Kutegesha

Mvua za Machi zilipolainisha udongo, kijiji kizima kilishikwa na mapenzi ya kilimo ambayo hakikuwa nayo tangu kianzishwe. Wavivu wasiojua mpini wa jembe unashikwa upande gani walionekana alfajiri wakipanda michungwa. Sababu ilijulikana hata na mbuzi. Mgodi wa dhahabu ulikuwa unapanuka, wathamini wangefika Jumatatu, na kila ambacho wangekikuta ardhini kingelipwa fidia. Basi watu walitegesha. Ndivyo mchezo huo unavyoitwa huku Tarime. Unapanda leo miche iliyobanana kama nywele kichwani, unasimamisha kibanda cha bati kisicho na mtu, kisha unakaa kumngoja mthamini kama anayengoja panya kwenye mtego.

Aloo hakuupenda mchezo huo. Tangu mumewe afariki, bustani ya mboga nyuma ya nyumba ndiyo iliyomlisha, na sasa Jumamosi asubuhi mwanawe mkubwa, Okech, alikuwa anaifyeka.

"Mama, ng'oa na hiyo osuga. Mnavu haulipwi kama mchungwa."

"Na Jumanne tutakula michungwa yako?"

"Jumanne tutakula hela."

"Hela ukizichemsha zinatoa mchuzi?"

Alibisha, lakini aling'oa. Moyo wake siku hiyo haukuwa kwenye mboga. Kesho yake Sheila, kitinda mimba wake, alikuwa anaandaliwa chakula cha mahafali kwa kuhitimu ualimu, na Aloo aliamini kwamba Tonny angekuja. Tonny ndiye aliyemsomesha mdogo wake kwa dhahabu ya maduara, yale mashimo ambayo vijana huyachimba kwa mkono na kuyaingia kwa kamba. Mwaka juzi hakurudi. Okech, aliyekuwa akichimba naye, alisema mdogo wake amevuka mpaka, yuko Migori, simu amepoteza. Aloo alisadiki. Mama husadiki lile analoweza kuishi nalo.

"Jogoo mkubwa asichinjwe mpaka Tonny afike," alisema, akifukia mche.

Okech aliokota sepeto. Alikuwa amehamia kwenye makaburi.

Maana hata makaburi yalilipwa, na wiki ile kijiji kilifiwa kuliko mwaka wa kipindupindu. Jirani yao Kisyeri alikuwa amezika babu wanne, na mtu huzaliwa na babu wawili tu. Okech alirundika udongo kati ya mihogo, akachomeka msalaba wa mti, likawa kaburi. Akarundika la pili. Aloo alisonya, akaomba Mungu amsamehe, akaendelea na miche.

La tatu lilimtia mashaka. Okech alikwenda peke yake karibu na ua, mahali anapozikwa kijana ambaye hajaoa, akaanza kuchimba chini badala ya kurundika juu. Alichimba mpaka kikabaki kichwa. Mtu hatoki jasho namna hiyo ili kumdanganya mthamini, Aloo alifikiri. Akaenda nyuma ya jiko kuchukua gunia ambalo Okech alilileta asubuhi kwenye pikipiki, akidhani ni miche iliyosalia. Lilikuwa zito. Akalifungua.

Ndani mlikuwa na shuka jeupe jipya, na ndani ya shuka tunda la yago, yaani mwegea, refu na nene, limevishwa kama mtoto mchanga.

 Hakuna Mjaluo asiyejua kazi ya tunda lile. Mtu akifa ziwani au porini na mwili usipatikane, wazee huzika yago badala yake, ili roho yake ijue kwao ni wapi. Aloo alilibeba mpaka ukingoni mwa shimo.

"Okech. Hili ni la nani?"

Okech alitazama juu, uso umejaa udongo. "Mama, ngoja nitoke kwanza..."

"Nimekuuliza ni la nani."

"La Tonny."

Akayasema yote humo humo shimoni, pengine kwa sababu kule chini hakuwa analazimika kumtazama mamaye usoni. Duara liliporomoka. Yeye alikuwa juu akivuta kamba, na kamba ikaja nyepesi. Yeye na wenzake walifukua mpaka mikono ikatoka damu, kifusi kikazidi kushuka. Walikuwa wameingia eneo la mgodi walilokatazwa, wangefungwa wote. Wakakubaliana kunyamaza.

"Polisi niliwaogopa, Mama, lakini wewe nilikuogopa zaidi. Nikasema Migori. Baadaye uongo ukanishinda kuurudisha. Sasa wakichukua shamba hili watahamisha wenye makaburi tu, na Tonny hatakuwa na mahali pa kulala."

"Na fidia ya kaburi hili? Utaichukua?"

Okech aliinamisha kichwa, akaanza kupangusa mpini wa sepeto.

Aloo alimchukia. Alimchukia mtoto aliyemzaa kwa uchungu wa usiku na mchana, chuki safi isiyo na huruma ndani yake. Akavuta pumzi apige nduru, kwa kuwa mama anayejua kifo cha mwanawe hapaswi kumeza sauti. Hapo kikasikika kicheko cha Sheila kutoka ndani, alikokuwa akipiga pasi joho lake.

"Mama, nakuomba," Okech alinong'ona. "Kesho ni siku yake. Ada yake ndiyo iliyomuua Tonny. Mwache ale chakula chake."

Aloo akaziba mdomo kwa kanga. Walilaza yago, wakafukia wawili tu, bila wimbo wala sala, kama watu wanaoficha walichoiba. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini aliapa angestahimili hadi Jumatatu.

Jumapili baada ya ibada wageni walijaa uani. Odoyo, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amevuka mpaka wa Sirari na watu wake kutoka Migori. Sheila aliinama mbele yake katika joho jeusi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwalimu wetu!"

Walikula wali, samaki, na yule jogoo mkubwa, ambaye Aloo alimchinja mwenyewe asubuhi bila kumweleza mtu kwa nini.  Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

"Lakini huyu kijana Tonny ako wapi?" Odoyo aliuliza, akinyonya mfupa. "Kwetu huko hatujamwona hata siku moja."

"Yuko mbali," Okech alisema.

"Nitamfuata mwenyewe," Sheila alidakia. "Mshahara wangu wa kwanza ni nauli ya kumtafuta kaka yangu. Cheti hiki ni chake."

Wageni wakapiga makofi. Aloo akashika ukingo wa kiti.

Kisha ukaja wakati wa picha. Sheila alitaka ionekane bustani mpya, akawavuta wote nyuma ya nyumba, akacheka alipoona misalaba. "Kumbe na sisi tumetegesha makaburi!" Akatafuta mahali pa juu. Akakiona kilima cha udongo karibu na ua, akakunja joho, akapanda.

"Marehemu, samahani, nisogezee kidogo!"

Watu waliangua kicheko, na Odoyo akainua simu yake.

"Shuka," Aloo alisema.

"Mama, picha moja tu."

"Shuka, nyathina, mwanangu. Unamkanyaga Tonny."

Kicheko kilikatika. Sheila alimtazama mama yake, kisha Okech, na Okech akaketi chini palepale kwenye matope, akajifunika uso. Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi.

Ndipo Aloo alipopiga nduru. Aliipiga ya mwaka juzi na ya jana kwa pamoja, mpaka sauti ikakwaruza, na Sheila akaipokea akiwa amepiga magoti, akikumbatia udongo kwa mikono ya joho.

Nduru ya mfiwa ikisikika, watu wa huku huacha tonge mdomoni wakakimbia kwenye msiba, awe Mjaluo au Mkurya. Ng'ambo ya ua vichwa vilijitokeza. Kisyeri alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa kusifu, akapiga makofi.

"Mama Okech kiboko!" alipaza sauti. "Ametegesha mpaka matanga!"

Wenzake wakacheka, wakarudi kumwagilia michungwa yao. Jua likazama, na hakuna jirani hata mmoja aliyevuka ua kuja kumpa pole.