Unyevu Umenitangulia

Mzee Stanislaus alisoma karatasi kuhusu ngoma yake, iliyobandikwa ukutani mwa ukumbi wa maonyesho, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akasoma tena. Maneno yalikuwa yale yale.

"Watengenezaji: ngozi ya mbuzi, gogo la mvule, unyevu wa bonde la Kilombero, kompyuta, Stanislaus Egidius."

"Verediana," alimwita mkewe, "hebu njoo unisomee hapa. Pengine macho yangu yana ugomvi na mimi."

Mkewe alisoma kwa sauti hadi mwisho, akaziba mdomo kwa khanga. "Si haba, baba Dionisi. Umo."

"Nimo! Hata unyevu umenitangulia!"

Ngoma yenyewe ilisimama katikati ya ukumbi. Aliichonga kwa tezo nyumbani kwake Lumemo, akaiwamba kwa mikono yake. Ngoma zake zilipigwa harusini na misibani mpaka Masagati, na hakuna aliyewahi kuuliza ni za nani. Sasa, kwa mara ya kwanza, moja iliwekwa ili itazamwe, naye alitaka jambo moja tu: wageni waondoke wakijua ni nani aliyeiwamba.

Mwenye maonyesho alikuwa Jihan, binti wa muuza vitambaa pale sokoni Ifakara, aliyesomea sanaa Dar es Salaam. Chini ya ngozi alikuwa amebandika kidude chenye nyaya. Ngozi ikikazika au ikilegea, kompyuta iligeuza badiliko hilo kuwa sauti, ikatoka kwenye spika bila mtu kuigusa ngoma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hebu niambie mjukuu wangu, huyu mbuzi alishika tezo siku gani? Maana mimi sikumwona."

Jihan alicheka. "Sijakushusha, babu. Nasema tu kwamba vitu navyo vina nguvu yake. Si uliniambia mwenyewe kuwa gogo la kwanza lilikukatalia?"

"Lilipasuka! Kusema lilikataa ni maneno ya mdomoni tu."

"Basi ndiyo sanaa yangu hiyo. Hakuna bwana mmoja. Ngozi, mti, mvua, mashine, mtu, wote wametengeneza."

"Kanisani kwetu kila mtu anaungama dhambi zake mwenyewe. Sijawahi kuona ngozi imepanga foleni."

Kabla Jihan hajajibu, mvua ilianza kupiga bati. Ilikuwa mvua ya bonde, ile inayofanya hata chumvi ilie machozi kwenye kopo. Wageni waliingia wakikung'uta miavuli, na ngozi ikaanza kulegea. Spika ikatoa mngurumo mmoja mzito, kama ng'ombe aliyenasa matopeni. Watu wakaangua kicheko.

Jihan alimgeukia mzee haraka. "Babu, naomba uipashe moto."

"Mimi? Mtu wa mwisho? Si ngozi ndiyo fundi wa kwanza? Iombe ijipashe."

"Babu, tafadhali. Watu wananicheka."

"Nami nimechekwa tangu nilipoingia."

Jihan akaibandua karatasi, akaandika nyingine na kuibandika pale pale. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Fundi: Stanislaus Egidius." Vile vingine vikafuata chini. Mzee alisoma, akaibeba ngoma hadi barazani, nyaya zikiburuzika nyuma yake.

Aliwasha mabua makavu ya mpunga, akaigeuza ngoma taratibu mbele ya moto huku akiigonga kwa vidole. Sauti ilipanda kutoka kwenye matope, ikapata nguvu, kisha ikawa safi. Nyumbani angeishia hapo. Lakini wageni walikuwa wamemzunguka, simu zimeinuliwa, naye alitaka mlio ambao ungewafanya wote warudi ndani kusoma ile karatasi. Akaisogeza zaidi. Chini ya vidole ngozi ilitoa mlio mwembamba, mwembamba kama wa mbu. Mlio ule aliujua tangu ujana wake. Akajifanya hakuusikia.

Kwao ngoma mpya hupigwa kwanza na aliyeiwamba, na huitajia jina lake. Aliinua mkono.

"Mimi Stanislaus wa Egidius nimekuwamba!"

Akapiga. Ngozi ikachanika kutoka ukingo hadi ukingo. Ndani ya ukumbi spika ilipiga ukelele mmoja, ikanyamaza.

Jihan alikuja macho yakimng'aa. "Babu, umesikia? Ngozi imeamua yenyewe!" Kisha akauona uso wa mzee, akashusha sauti. "Ngoja nilirudishe jina lako chini. Wasije wakaliona juu ya ngoma iliyopasuka."

"Usiguse karatasi."

"Lakini babu..."

"Liache pale pale juu. Ngozi haikuamua kitu. Nimeiunguza mimi."

Maneno yalimtoka machungu kama kwinini. Ule mlio wa mbu hakuutaja. Ngozi ilikuwa imemwambia vizuri kabisa kwamba moto umetosha, na kumpa Jihan habari hiyo ilikuwa sawa na kumpa ushindi.

Verediana alisogea, akafungua mdomo.

"Usiniletee methali," mumewe alimwahi.

"Methali gani? Nilitaka kusema mvua imekatika, twende nyumbani."

Mzee Stanislaus alizikanyaga cheche zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.