Mgonjwa wa Chumba Chetu

Niliyeitwa kwenye unasihi ni mimi. Mimi! Mwenzangu wa chumba analala kutwa, darasani hajakanyaga siku nyingi, hali chakula, haongei, na anayeamriwa kwenda kumwona mshauri nasaha ni mimi, eti kwa sababu napiga kelele. Jamani, niambieni kama hapo kuna akili.

Ngojeni nieleze. Bweni letu la wasichana pale chuoni ni la ghorofa, tunakaa wawili wawili, kitanda cha juu na cha chini. Mimi wa chini, Profesa wa juu. Profesa ndilo jina tulilompa tangu mwaka wa kwanza, maana alikuwa anajibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Mimi wananiita Spika, na sababu mnaisikia wenyewe. Zamani tulikuwa tunagombana vizuri tu. Pazia lifungwe, lifunguliwe. Nani kaacha ndoo mlangoni? Nani kaanika soksi mbichi juu ya vitabu vya mwenzie? Nikisema moja, yeye anarudisha tatu, tena kwa mifano.

Halafu muhula huu akaacha kurudisha. "Sawa," anasema. Kila kitu sawa. Profesa, amka, kuna kipindi. Sawa. Haamki. Profesa, kunywa chai inapoa. Sawa. Chai inakaa mpaka inaota utando. Lakini mama yake akipiga simu, loo, hapo mtu anakaa kitako, anasafisha koo, na kucheka anacheka! "Mimi mzima mama, ni masomo tu yamenibana. Baba mpe shikamoo yangu." Akikata simu anageukia ukuta. Nilikuwa natamani kumtikisa.

Na nilimtikisa. Kila asubuhi nilipanda ngazi ya kitanda nikavuta shuka. "Amka! Unataka nikubebe mgongoni? Umekuja chuo kuangalia dari?" Nilipayuka mpaka wa chumba cha pili wakawa wanagonga ukuta. Kuna siku alishuka, akaoga, akanifuata mpaka darasani akiburuta ndala, kwa kuuchoka mdomo wangu tu. Kwangu huo ulikuwa ushindi. Ila wale wa chumba cha pili wakaenda kunishtaki kwa matroni, kwamba namnyanyasa msichana wa watu, mpole, asiye na neno na mtu.

Matroni wetu ni mama mwenye sauti nzito na filimbi shingoni, na kwake yeye bweni zuri ni bweni lililonyamaza. Akatuita wote wawili ofisini kwake.

"Mama, huyu anaumwa," nikamwambia. "Mwangalie macho yake."

Akamwangalia. "Unaumwa, mwanangu?"

Profesa akatabasamu. Alitabasamu, yule! "Hapana mama, niko salama."

"Umeona?" Matroni akanigeukia mimi. "Mwenzako ana adabu zake. Mwenye hasira za kutibiwa ni wewe. Kesho uende kwa mshauri nasaha, na usipokwenda nakuhamisha chumba."

Nikihamishwa, yule nani atamwamsha? Nikaenda, huku nimevimba.

Mshauri mwenyewe ni mwanamume wa makamo, mstaarabu, anaongea polepole kama anayembembeleza mtoto alale. Ofisi yake ina viti viwili na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, na alilisogeza upande wangu kabla hata sijaketi.

"Karibu. Unajisikiaje?"

"Najisikia kupasuka, Mshauri! Anayetakiwa kuwa hapa siyo mimi, ni mwenzangu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mara nyingi ni rahisi zaidi kuzungumzia shida za mwenzetu."

Mori ulinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamweleza yote tangu mwanzo, na sikatai, alisikiliza. Lakini akasema mteja lazima aje mwenyewe, kwa hiari yake, na kwamba yeye hamfuati mtu chumbani. Nimwambie tu mwenzangu kuwa mlango uko wazi. "Mtu asiyeweza kushuka kitandani, huo mlango wako ataufikiaje?" nikamuuliza. Badala ya jibu akanifundisha kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Kisha akanipa zoezi la kwenda kufanya: wiki nzima nisimgombeze mwenzangu hata kidogo. Nimpe nafasi.

Nikampa. Mungu ananiona, nilimpa nafasi mpaka nikawa nauma shuka. Asubuhi naamka kwa kunyata, navaa gizani, natoka. Nikirudi mchana namkuta vilevile, uso ukutani, na chai niliyomwachia vilevile. Sisemi. Navuta kwa pua, natoa kwa mdomo. Bweni zima likafurahi. Matroni akanisimamisha kwenye ngazi kunipongeza: "Sasa hapo ndipo ninapopataka. Chumba chenu kimetulia." Kimetulia kweli, utadhani hakina mtu. Wiki inakaribia kwisha, simu ya mama yake ikaita. Profesa akaitazama tu, ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, hakunyoosha hata mkono.

Sikuvaa hata viatu vya maana. Nilikimbia mpaka ofisi ya unasihi nikaingia bila hodi. Mshauri alikuwa peke yake, anakula mkate.

"Inuka twende," nikamwambia.

"Tulikubaliana kuhusu ile pumzi..."

"Nimevuta! Nimevuta pumzi zote za chuo hiki! Hapokei simu ya mama yake, unanielewa? Kila siku alikuwa anamdanganya mama yake kwamba ni mzima. Leo hata kudanganya kumemshinda!"

Uso wake ukabadilika. Akauweka ule mkate chini. "Umemwacha na nani?"

"Na nani? Na ukuta!"

Akafunga ofisi, na mtu yule anayeongea polepole, kumbe akiamua kutembea, mimi ndiye niliyekuwa namkimbilia nyuma.

Kufika bwenini, kazi ikawa kwa matroni. Kasimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni. "Mwanamume hapandi juu."

"Mama, ni mshauri!"

"Hata fundi bomba hapandi bila utaratibu."

Na utaratibu wenyewe ni huu: matroni anatangulia, anapuliza filimbi, anatangaza, wasichana wajisitiri. Mshauri akamwomba kwa upole wapande kimyakimya, hili ni jambo la siri. Thubutu! Filimbi ilikuwa imeshaingia mdomoni. "Mwanamume anapandaaa! Jisitirini! Mshauri nasaha anapandaaa!" Nilitamani kumnyang'anya ile filimbi niitupe dirishani. Milango ikafunguka yote. Huyu na kitana kichwani, yule na povu la dawa ya meno, kila mtu anataka kuona mshauri anakwenda kwa nani. Kabla ya jioni habari ingekuwa imeshafika mpaka maktaba. Na Profesa yuko kule ndani, anasikia kila kitu. Nikajua bweni likishamwita mgonjwa, yule kitandani hashuki tena, ng'o.

"Anakuja kwangu!" nikapayuka. "Mnakodoa macho ya nini? Mgonjwa si mimi? Si mlinishtaki wenyewe? Haya, nimechanganyikiwa, nimemfuata mshauri wangu mwenyewe. Mmeridhika?"

Mshauri akanielewa, akanifuata nyuma. Wale wa chumba cha pili wakaangalia chini. Waliamini palepale, hakuna hata mmoja aliyeshangaa, na hilo nalo liliniuma, sitadanganya.

Tukaingia chumbani, nikamfungia matroni mlango usoni, radhi nitaomba baadaye. Mshauri hakutafuta kiti. Alisimama karibu na kitanda, kichwa chake usawa wa mto wa Profesa, akajitambulisha. Hakuuliza unajisikiaje. Aliuliza, kwa sauti ileile ya taratibu, kama huwa anawaza kujiua.

Nilitaka kumrukia. Mtu anaulizwa hivyo, waziwazi, mchana kweupe? Na jibu si nilikuwa nalijua: hapana, niko salama.

"Ndiyo," Profesa akauambia ukuta.

Miezi yote hiyo nalala chini yake, nagombana naye kuhusu chai.

"Siku hizi zaidi?" Mshauri akauliza.

"Wiki hii." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Zamani nikianza kuwaza, huyu anaanza kelele zake. Nakasirika, nasahau nilikuwa nafikiria nini. Wiki hii amenyamaza. Nikajua na yeye amenichoka."

Mshauri aligeuka akaniangalia, na siku hiyo hakuwa na zoezi la kunipa. "Ni mimi niliyemwambia anyamaze," akamwambia Profesa. "Nilikosea. Yeye ndiye aliyekuja kunitoa ofisini kwa nguvu. Hajakuchoka."

Nilitaka kuongeza la kwangu. Mdomo huu usio na breki, uliosema yote yasiyo na maana muhula mzima, ukakataa kabisa. Nikabaki naangua kilio, kamasi na vyote. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa vile.

Mshauri akamweleza kwamba pale zahanati ya chuo kuna daktari anayemwamini, angependa waende sasa hivi, na kwamba kuanzia leo hataachwa peke yake. Profesa akageuka. Midomo imempasuka, nywele zimeshikana upande mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauangalia mlango. Nje walikuwa bado wananong'ona, na matroni anawafokea warudi vyumbani, kwa sauti iliyozidi kuwatoa vyumbani.

"Pale nitapitaje?" akauliza.

Hapo sauti yangu ikarudi. "Pale nje mgonjwa ni mimi. Wewe unanipeleka. Shuka unishike mkono."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akatoa mguu mmoja nje ya shuka, akatoa wa pili, akakaa, akapumzika kama mtu aliyepanda mlima. Nikamvisha khanga juu ya nguo za kulalia, nikamsogezea ndala. Mshauri alifungua mlango, akajibana pembeni, tukatoka.

Nilikuwa nimepanga kulia kwa uongo ili wanione. Sikuhitaji, machozi yalikuwa yanajitiririkia. Profesa kanishika mkono, na kwa macho ya watu mimi ndiye ninayemwegemea, kumbe uzito wake wote uko begani kwangu. Korido ikatupisha. Yule wa chumba cha pili, kinara wa kunishtaki, akasogea akamwinamia Profesa sikioni, ila na mimi nikasikia.

"Pole sana, dada. Na huyu, kazi unayo."

"Nimeshamzoea," Profesa akamjibu, akaukaza mkono wake kwenye wangu, tukaanza kushuka ngazi.