Kanda ya Kufokewa

Familia nyingine siku ya Krismasi huimba kabla ya kula. Sisi hufokewa, na anayetufokea ni marehemu.

Ilianza hivi. Krismasi moja, sisi tukiwa watoto, baba alinunua redio kaseti akataka kuturekodi tukiimba. Akabonyeza, akatupa ishara, na kabla hatujafungua vinywa mama akaanza kufoka kutoka jikoni. "Nani kaacha mlango wazi? Nyumba hii ina milango au mapengo?" Akaendelea: "Na aliyeonja nyama mara tatu namjua, na yeye anajijua." Mwisho akafika kwa baba: "Na wewe mwalimu, umekaa hapo na hicho kidude chako kama sanamu. Kizime uje ubebe sufuria, mimi sina mikono minne." Hapo kanda inakatika, maana baba alikizima.

Mama alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, baba aliitoa kanda ile kabatini akaiweka mezani siku ya Krismasi. Tangu hapo ndiyo sala yetu ya chakula. Mama akiuliza mlango, tunajibu wote, "Siyo mimi." Akifika kwenye nyama, kaka yangu tunayemwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kosa, anasema, "Hakuna ushahidi." Akimaliza, baba anainuka kimya, anaenda jikoni, anarudi na sufuria. Mke wangu, Krismasi yake ya kwanza kwetu, aliinuka kweli akaenda kufunga mlango. Hatukumcheka, tulimwona ana adabu.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya sikukuu, baba aliniletea kanda dukani. Mimi ni fundi redio. "Inakwaruza," alisema. "Isafishe, lakini taratibu." Mtauliza kwa nini hatukuihamishia kwenye simu. Niliwahi kumshauri, akanijibu, "Mama yenu hakai mfukoni mwa mtu."

Niliisafisha vizuri. Kisha nikatamani kumsikia mama peke yangu, bila Wakili kunikatiza, nikaitumbukiza kwenye redio iliyokuwa karibu. Ilikuwa ya mteja. Juu yake palikuwa na kikaratasi, na mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe: INATAFUNA KANDA. Mama alifika kwenye "mapengo", akavuta sauti kama anayesinzia, kisha kimya. Nilipofungua kifuniko, utepe ulitoka umekunjamana kama utumbo wa kuku, na sehemu kubwa ilikuwa imekatikakatika. Nikakaa chini nikalia, mtu mzima na bisibisi mkononi.

Nilimpigia dada mkubwa, ambaye ndiye aliyerithi sauti ya mama. Ni nesi mkuu. Wodini kwake hata madaktari wanatembea kwa kunyata. Nikamweleza mpango: yeye aseme maneno yote, mimi nirekodi kwenye utepe mpya, niufunge ndani ya kasha la zamani.

"Baba akijua, moyo wake hautahimili," akasema.

"Ndiyo maana asijue."

Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha. Baba ana miaka sabini na minane, na sauti ile ilikuwa moja tu duniani.

Dada alikuja dukani jioni. Mlango na nyama alivimaliza kwa pumzi moja, nywele zilinisimama. Akafika kwa baba. "Na wewe..."

"Vipi tena?"

"Siwezi kumwambia baba 'na wewe'."

"Siyo wewe unayesema. Ni mama."

"Na mdomo ni wa nani?"

Tukarudia. Mara ya pili akasema, "Na ninyi, mwalimu." Mara ya tatu alianza na shikamoo. Huyu ni mwanamke anayewafokea wagonjwa mpaka wanapona kwa woga. Mara ya sita akanifukuza nje ya duka langu mwenyewe, akidai macho yangu ndiyo yanamtia haya. Alitoka anatiririka jasho. "Nimesema," akaniambia, akakimbilia zamu. Sikusikiliza tena. Nesi akikwambia sindano imeingia, huulizi.

Siku yenyewe tulikaa mezani, wana, wakwe na wajukuu. Baba akabonyeza. "Nani kaacha mlango wazi?" Tukajibu. Wakili akakana. Baba alikuwa amefumba macho, anatabasamu, nami nikaanza kupumua.

"Na wewe mwalimu," ikasema kanda, "umekaa hapo na hicho kidude chako kama..." Kimya. Kikohozi. "Samahani, baba. Kizime tafadhali, uje ubebe sufuria, ukipata nafasi."

Dada aliinama akawa anaisoma sahani yake tupu. Baba alifumbua macho, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Ukipata nafasi," akarudia polepole. "Miaka arobaini na moja ya ndoa, mama yenu hakuwahi kuniuliza kama nina nafasi."

"Niliiharibu mimi, baba," nikasema. "Redio imeitafuna. Nisamehe."

Wakili alinong'ona kwamba ningemwona yeye kwanza kabla ya kukiri.

Baba aliitoa kanda, akaigeuzageuza, akaiweka juu ya meza. Macho yake yalikuwa yamejaa. Ghafla nilimwona mdogo ndani ya shati lake la sikukuu, nikajichukia.

"Mnajua kwa nini naipenda?" akauliza. "Nilikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini. Shule nzima iliniogopa, na ninyi mkaiga. Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuniogopa. Tangu aondoke, naamkiwa asubuhi mpaka jioni. Shikamoo, shikamoo. Hakuna anayenifokea. Nasubiri mwaka mzima nifokewe mara moja."



"Sasa kanda hakuna. Mtanifokea wenyewe." Akamgeukia dada. "Wewe una sauti yake. Anza."

"Baba, jamani."

"Hapana jamani hapa. Anza."

Dada aliniangalia, mimi nikaangalia dari. Alikunja kitambaa chake mara nne, akashusha pumzi. Aliposema, hakusema maneno ya kanda.

"Vidonge vyako vya presha," alisema huku sauti ikitetemeka. "Nimeingia chumbani kwako leo asubuhi. Pakiti niliyokuletea mwezi uliopita haijafunguliwa." Kisha sauti ikaacha kutetemeka. "Nikipiga simu, umemeza. Kila siku umemeza. Unamdanganya nani? Mtu mzima na mvi zako, unaficha dawa nyuma ya picha ya harusi! Na wewe ukitufia, sisi tubaki na nani? Mimi nimechoka kuzika, umenisikia wewe?"

Alisema wewe. Wote tulisikia.

Baba akainuka, akaenda chumbani, akarudi na pakiti na glasi ya maji. Akakaa, akameza kidonge, akafuta mdomo kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umekunjuka, nami nilikuwa sijauona hivyo tangu tumzike mama.

"Endelea," akamwambia dada.